Mwenye Ndoo Ndiye Mwenye Zege

Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, ukitaka zege lake liwe zege kweli, unakunywa maji lita 25 hivi, pungufu au zaidi kidogo kutegemea unyevu wa mchanga. Ndoo tuliyoizoea ni ya lita 20. Mifuko 100 basi ni ndoo 125, na hapo hujalowesha tofali za kuchoma, ambazo hunywa maji kama shamba la Oktoba. Hujaosha karai na machepe, wala hujaanza kumwagilia msingi, jamvi na lenta asubuhi na jioni kwa siku saba. Chumba kimoja cha darasa kinakula mifuko zaidi ya hiyo mia.

Mimi ni mkadiriaji majenzi. Kazi yangu ni kukaa na mchoro na kuhesabu kila kitakachoingia kwenye jengo, mpaka misumari. Katika michanganuo ya madarasa na zahanati za vijijini mkoani Singida iliyopita mikononi mwangu, nondo zina mstari wake, bati lina mstari wake, hata waya wa kufungia una wake. Maji mara nyingi hayana mstari. Yameandikwa mwishoni, pamoja na mawe na mchanga, chini ya maneno matatu: nguvu za wananchi.

Ukitaka kuwaona wananchi hao, nenda Ilongero, kaskazini ya mji wa Singida kwenye barabara iendayo Haydom, wakati wa ujenzi. Watu hujenga kiangazi, baada ya alizeti na mtama kutoka shambani, kwa sababu ndipo tofali hukauka, tanuri huwaka na watu wana nafasi. Lakini kiangazi ndipo maji yanapokuwa mbali. Mkoa wetu ni mkame, mvua ni ya msimu mmoja, na kuanzia Agosti visima vifupi huanza kukauka. Miezi inayofaa kwa ujenzi ndiyo miezi ambayo ndoo ya maji ni ghali kuliko yote, na ndoo hiyo iko kichwani kwa mwanamke.

Ndiyo maana kila ninapokaa kwenye warsha na kusikia swali la namna ya kuwavutia wanawake waingie kwenye sekta ya ujenzi, moyo unanisukasuka. Waingie kutoka wapi? Kwetu wamo tayari. Wanabeba maji, wanachota mchanga korongoni, wanasomba tofali kutoka tanurini, wanagonga kokoto. Mkoa wetu ni wa miamba ya matale, na rundo la kokoto kando ya barabara mara nyingi lina mama mwenye nyundo pembeni yake. Wanalokosa ni jina la kazi, bei ya kazi, na ngazi ya kupandia. Naomba tuanzie hapo, kwa sababu anayekosea swali hutumia fedha nyingi kulijibu.

Zamani haikuwa hivi kabisa. Nyumba ya asili ya Wanyaturu, kama ya majirani zao Wagogo, Wanyiramba na Warangi, ni tembe: kuta za miti na udongo, paa bapa lililofunikwa udongo uliokandamizwa, nyumba fupi inayostahimili upepo na joto. Wanaume walikata nguzo na kusimamisha fremu. Kukandika, kulainisha ukuta, kuziba ufa kabla ya masika na kujua udongo upi ukikauka haupasuki, huo kwa sehemu kubwa ulikuwa ujuzi wa wanawake. Sitaki kuisifu tembe kupita kiasi. Ilivuja, na paa la udongo lililolowa ni mzigo wa kutisha juu ya watoto waliolala. Nasema tu kwamba ndani yake kulikuwa na ufundi wa watu wawili, na nusu moja ilijulikana kuwa ya mwanamke.

Kisha likaja bati, ikaja tofali ya kuchoma, ikaja saruji. Vijiji vilipopangwa upya miaka ya 1970 nyumba zilisogea barabarani, na kidogo kidogo nyumba ikawa kitu cha kununuliwa. Kilichonunuliwa kilihitaji fundi wa kulipwa, na fundi wa kulipwa akawa mwanaume mwenye mwiko, timazi na pima maji. Udongo wa mwanamke ukageuka lipu, na lipu ikawa ya fundi. Maji hayakugeuka kuwa kitu kingine. Yakabaki maji, na aliyeyabeba akabaki naye.

Sasa tuje kwenye fedha. Mwaka 2021 serikali ilijenga vyumba vya madarasa 15,000 nchi nzima kwa fedha za mpango wa UVIKO-19, kila chumba kwa shilingi milioni 20, na baada ya hapo ikaja miradi mingine ya shule na afya. Sehemu kubwa ilijengwa kwa utaratibu ambao mafundi wanauita fosi akaunti: hakuna mkandarasi, fedha huingia kwenye akaunti ya shule au ya kituo, kamati za wananchi zinasimamia ujenzi, manunuzi na mapokezi ya vifaa, na fundi wa hapo hapo anapewa mkataba wa ufundi. Utaratibu huu una mengi ya kulaumiwa, hasa pale usimamizi wa kitaalamu unapokuwa hafifu. Lakini umefanya jambo ambalo sera hazikulifanya: umeleta sekta ya ujenzi mpaka mlangoni kwa mwanamke wa Ilongero. Hahitaji nauli kwenda Dodoma, wala kujuana na meneja wa kampuni. Mwajiri ni kamati ya kijiji chake, na huenda shemeji yake yumo.

Na bado ukipita asubuhi utakuta wanaume wako juu ya majukwaa, wanawake wako chini na ndoo. Nilimuuliza fundi mmoja sababu, tukiwa tumekaa juu ya mifuko mitupu ya saruji. Aliniambia, "Dada, mimi nalipwa kwa chumba, silipwi kwa siku. Nikianza kumfundisha mtu kupanga kozi za tofali, chumba kinachelewa na hela ya kula inaniishia." Nilimwelewa. Mkataba wa ufundi wa bei moja kwa jengo zima unamwadhibu anayefundisha. Kila tofali iliyopangwa vibaya na mwanafunzi, ikabomolewa na kupangwa tena, inatoka mfukoni mwa fundi.

Nikamwuliza tena: mbona mpwa wako unamfundisha? Jibu lake ndilo lililonifungua macho. Mpwa analala stoo na kulinda saruji usiku. Mpwa anahama naye kutoka kijiji hadi kijiji, anakula chungu kimoja naye, na kwa mwaka wa kwanza, pengine hata wa pili, haulizi malipo. Hiyo ndiyo ada ya chuo cha mtaani: usiku wa ulinzi na miezi ya kazi bila ujira. Kijana wa kiume anaweza kuilipa ada hiyo. Binti wa miaka 19 hawezi kulala stoo na mafundi, na mama mwenye watoto watatu hawezi kuhama na chungu. Mlango haukufungwa kwa kufuli la chuki. Ada imepangwa kwa sarafu ambayo mwanamke hana.

Ukilielewa hilo, unaona kwa nini mahubiri ya kubadili mtazamo hayafiki mbali. Fundi yule hana tatizo la mtazamo. Mkewe anabeba zege vizuri kuliko vibarua wengi, aliniambia kwa fahari. Ana tatizo la mkataba, na mkataba unaandikwa na halmashauri.

Kwa wenye shahada, nchi hii imewahi kujenga ngazi kwa makusudi. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa mafunzo ya vitendo kwa wahandisi wahitimu, na kwa kipindi fulani Norway ilitoa fedha mahsusi kwa ajili ya wanawake, walipwe posho wakati wakijifunza kazini mpaka wafikie usajili. Wazo lilikuwa sahihi: hawakumwambia binti ajipe moyo, walilipia muda wake wa kujifunza. Leo tuna wahandisi wanawake wanaosimamia barabara, na tuna makandarasi kama Maida Waziri wa Ibra Contractors, ambaye jina lake linajulikana kwa kila anayefuatilia wanawake na ujenzi nchini. Anayeshika mwiko hajajengewa ngazi ya namna hiyo kwa kiwango cha kumfikia kijijini. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana kozi za uashi, na wana utaratibu mzuri wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza mtaani. Ila ili urasimishwe ujuzi, lazima uwe nao. Mafunzo mengi ya uanagenzi yanayolipiwa na serikali yanalenga vijana, na kijana kwenye sera zetu anaishia miaka 35. Mama wa miaka 41 aliyebeba zege katika majengo manane hayumo kwenye orodha ya mtu yeyote.

Wengine huuliza kwa nini mabinti wanaojiunga na vyuo vya ufundi hukimbilia ushonaji na mapishi. Nimewahi kulisikia likisemwa kama aibu yao. Binti anapiga hesabu. Cherehani iko nyumbani, mteja anakuja na kitambaa, hela inaonekana siku ile ile, mtoto yuko chini ya meza. Uashi unataka utoke alfajiri, ukae na watu usiowajua, ulipwe Jumamosi ikiwa fedha za awamu zimeingia. Sijawahi kuona mantiki ya kumlaumu mtu aliyehesabu sawasawa. Kinachotakiwa ni kubadili tarakimu za upande wa pili.

Sheria za manunuzi zimejaribu. Tangu marekebisho ya 2016, na sasa katika Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023, taasisi za serikali zinatakiwa kutenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu, wakiwemo wanawake. Halmashauri nazo zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 4 kati ya hizo ni za wanawake. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Nimeona vikundi vya wanawake vikipata kazi za barabara kwa njia hii, na nafurahi kila mara. Lakini tazama ni kazi zipi: kufyeka kando ya barabara, kuzibua mitaro, kukusanya mawe. Kikundi kinachopata kazi ya kujenga karavati, yaani kusuka nondo, kufunga mbao na kumwaga zege, ni nadra. Asilimia 30 inauliza kampuni au kikundi ni cha nani. Haiulizi nani ameshika mwiko. Kikundi cha wanawake kinaweza kushinda zabuni, kikaajiri mafundi wanaume, na wanachama wenyewe wakarudi kwenye ndoo, safari hii ndani ya mradi wao. Sisemi sheria ifutwe. Iongezewe swali la pili.

Kumwingiza mwanamke kazini ni nusu. Kumbakiza ni nusu nzito zaidi, na hapa naomba niseme la kwangu. Nikiwa mwanafunzi nilipelekwa kwenye mradi mmoja mkubwa, mkandarasi simtaji, ambako kulikuwa na tundu moja la choo kwa watu zaidi ya sitini, bila komeo. Nilijifunza kutokunywa maji mpaka saa kumi na moja jioni. Wiki ya tano nililazwa kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Wenzangu wa kiume waliandika kwenye taarifa zao kwamba sikuhudhuria siku sita. Walikuwa sahihi, sikuhudhuria. Nimesimulia hili kwa sababu kila nikisoma kwamba wanawake hawadumu kwenye kazi za ujenzi nakumbuka komeo lile ambalo lingegharimu bei ya soda mbili.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi kwa malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na ruhusa ya kunyonyesha mpaka saa mbili kwa siku. Ni sheria nzuri kwa aliyeajiriwa. Kibarua wa fosi akaunti, anayehesabiwa siku kwa siku, akipata ujauzito huondoka kimya, na nafasi yake asubuhi inayofuata ina mtu mwingine. Kuna jambo jingine ambalo kamati nyingi huona haya kulitaja. Pale ambapo mtu mmoja anasimama saa moja asubuhi na kunyoosha kidole, wewe ingia, wewe rudi nyumbani, kidole hicho kina nguvu juu ya mwili wa mwanamke. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya sheria ya kupambana na rushwa ya 2007. Lakini kibarua asiye na jina kwenye daftari atathibitisha vipi kwamba alinyimwa siku? Orodha iliyoandikwa na kubandikwa ukutani tangu Jumapili, nani anafanya kazi siku gani, inampunguzia yule mwenye kidole mamlaka kuliko semina tatu.

Wenzetu wametangulia kuliona hili la mwanamke kubaki chini na ndoo. India ina wanawake wengi mno kwenye maeneo ya ujenzi, na kwa miongo mingi wamebeba tofali kichwani kwa mwanaume aliyeshika mwiko, mama akastaafia pale pale alipoanzia. Chama cha SEWA cha Ahmedabad, kilichoanzishwa na Ela Bhatt mwaka 1972, kilifungua shule iitwayo Karmika kuwafundisha wanawake hao hao waliokuwa wakibeba mizigo wawe waashi na mafundi rangi. Hawakwenda kuwatafuta wapya. Nairobi kuna Buildher, inayofundisha mabinti useremala, upakaji rangi na uwekaji wa marumaru, kisha kuwaunganisha na waajiri. Na kuna upande wa pili wa habari: Daraja la Waterloo mjini London lilijengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili na wanawake wengi, lakini lilipofunguliwa rasmi mwaka 1945, mwanasiasa Herbert Morrison aliwasifu wanaume waliolijenga. Wanawake walikwishaaga. Kuingizwa kazini kwa dharura hakukuwaachia hata jina.

Turudi kwenye ndoo, kwa sababu nadhani ngazi inaanzia hapo. Nguvu ya zege inategemea zaidi ya yote uwiano wa maji na saruji. Ukizidisha maji ili liteleze na lichotwe kwa urahisi, zege linakuwa dhaifu hata kama mifuko imetimia. Likishamwagwa, siku saba za mwanzo ndizo linapopata takribani theluthi mbili ya nguvu yake, mradi lisikauke. Na Singida kuna upepo. Ni upepo huo huo ambao wawekezaji wanautaka kwa umeme, na unakausha uso wa zege kabla ya jua kutua. Nyufa nyingi ninazoziona kwenye sakafu za madarasa yetu hazitokani na wizi wa saruji, kama watu wanavyopenda kusema. Zinatokana na zege lililokorogwa likiwa uji na kumwagiliwa siku mbili.

Basi mtu anayepima maji na anayemwagilia zege ndiye anayeamua kama darasa litadumu. Mtu huyo ni mwanamke, haambiwi uzito wa anachokifanya, na halipwi. Mfundishe kwa siku tatu: uwiano, jinsi ya kupima mchanga kwa boksi badala ya chepe, kipimo cha mshuko wa zege kwa kutumia koni, namna ya kutunza zege kwa magunia mabichi. Mpe cheo kilichoandikwa, msimamizi wa zege. Mpe mamlaka ya kukataa karai lililotota. Hapo umempa kazi ya kitaalamu pale pale alipokuwa amesimama, na fundi mkuu amepata msaidizi anayemwepusha na kubomoa. Kutoka hapo kwenda kwenye lipu ni hatua fupi. Mkono uliojua kukandika tembe haujafa wote.

Kwa fundi wangu anayelipwa kwa chumba, jibu liko kwenye mchanganuo. Muda wa mwanagenzi uwe mstari wa mradi, kama nondo. Mradi wa vyumba viwili ulipie siku 30 za wanagenzi wawili wanawake, fedha hizo zisitoke kwenye bei ya fundi, na yeye aongezewe kidogo kwa kila mmoja atakayeweza kupanga kozi tano zilizonyooka kwa timazi. Daftari la siku liandike jina na kazi iliyofanywa, siyo "msaada". Daftari hilo ndilo ushahidi ambao VETA watauhitaji siku ya kurasimisha, na ndilo kamati itakalolionyesha akija mkaguzi.

Najua nitaulizwa: na vijana wa kiume wasio na kazi? Swali ni la haki. Lakini vijana hao wana soko pana kuliko kijiji. Mji wa Serikali wa Mtumba, Dodoma, unajengwa, reli ya kisasa inajengwa kupitia Manyoni kuelekea Tabora, na fundi kijana wa Ilongero anafunga begi na kwenda. Wengi wamekwenda, na kamati za ujenzi hulalamika kwamba mafundi wazuri hawapatikani. Anayebaki ni mwanamke. Kinachoitwa udhaifu wake, kwamba hawezi kuhama, kwenye kazi za kijiji ndiyo sifa. Jengo linataka mtu wa kuliziba ufa miaka kumi baada ya Mwenge wa Uhuru kupita kulizindua.

Na Mwenge ukija, taarifa itasomwa. Nimezisikia nyingi: mradi umegharimu kiasi fulani, serikali kuu imetoa kiasi fulani, nguvu za wananchi zenye thamani ya shilingi milioni kadhaa. Tarakimu hiyo ya mwisho haitoki hewani. Mtu alikaa akahesabu ndoo, safari na siku, akazipa bei, akajumlisha. Mara kadhaa mtu huyo nilikuwa mimi. Tunajua vizuri kabisa thamani ya kazi ya wanawake wa Ilongero mpaka shilingi ya mwisho. Mchanganuo ujao nitakaouandaa utakuwa na mstari wa maji juu ya mstari wa nondo, na mbele yake nitaacha nafasi ya majina.